Bloku Alizofunga Royce

Verlin Haskett alipelekea wachungaji wa kondoo chakula na maji kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kumwona akila na mtu. Akija mjini kuchukua mahitaji, alikula ndani ya pikapu yake, mlango wazi, mguu mmoja nje, macho ameyaelekeza milimani. Mimi nauza vipuri vya magari katika duka lililo mkabala na posta, na dirisha langu linatazama pale alipopenda kuegesha. Tulijuana kupitia kioo muda mrefu kabla hatujajuana kwa maneno.

Mwajiri wake alikuwa Maialen Iribarne, mjane mwenye kondoo wengi kuliko mtu yeyote upande huu wa Nevada. Wachungaji wa Maialen walitoka Peru. Walikaa milimani na makundi yao tangu theluji inapoyeyuka hadi inaporudi, kila mmoja peke yake na farasi wake, mbwa wake na kigari cha kulala chenye paa la mviringo. Verlin ndiye aliyewapandishia unga, viazi, kahawa, chakula cha mbwa, chumvi ya kondoo na tangi la maji. Malisho yakiisha, ndiye aliyekuja kuvuta kigari hadi mahali papya. Mara nyingi alikuwa uso pekee waliouona wiki nzima, na wao walikuwa nyuso pekee alizoziona yeye.

Aliwahi kuoa. Mkewe, Lorna, alivumilia majira mawili ya kiangazi kwenye trela lililokuwa nyuma ya mazizi ya Maialen, kisha akaenda Boise kumtembelea dada yake na hakurudi. Verlin hakumlaumu.

"Aliniambia nikiwepo anajisikia mpweke kuliko nisipokuwepo," alinisimulia siku moja, huku akikagua mkanda wa feni niliomtolea. Kisha akauliza kama nina mwingine mrefu kidogo kuliko ule.

Pikapu yake ilikuwa ya kijani, rangi imepauka kwa jua, na nyuma ilikuwa imenyanyuka kuliko ilivyotoka kiwandani. Aliyeinyanyua ni mdogo wake, Royce. Royce alikaa naye msimu mmoja wa baridi, na Jumamosi moja akasema amechoka kuona gari linaburura tumbo kwenye mawe na kukalia matako kama mbwa kila likipakiwa maji. Akaleta bloku za chuma, vile vipande vinavyopachikwa kati ya ekseli na springi ili gari lipande juu, akazifunga kwa yubolti ndefu, boliti zilizopinda kama herufi U. Siku hiyo Verlin alishika tochi na kupokezana spana na ndugu yake. Walichoma soseji nje kwenye baridi, wakala wamesimama. Verlin aliikumbuka siku hiyo kwa undani kiasi kwamba aliwahi kunitajia aina ya haradali waliyotumia.

Tatizo ni kwamba Royce aliona bloku moja haitoshi, akapachika mbili mbili, moja juu ya nyingine. Fundi yeyote atakuambia hilo halifanywi. Gari likivuta kwa nguvu, ekseli hutaka kujisokota, na bloku huipa mkono mrefu wa kuikunja springi. Zikiwa mbili ni mara mbili ya ubaya. Ndiyo maana pikapu ya Verlin ilikuwa ikirukaruka nyuma kila ilipoanza kupanda mlima na mzigo. Dawa yake ni kutoa bloku na kuweka springi zenye tao kubwa zaidi, zinyanyue gari zenyewe, ekseli ikae moja kwa moja chini yake.

Nilimwambia zaidi ya mara moja.

"Verlin, niruhusu nikuagizie springi. Hizo bloku zitakuua."

"Royce ndiye aliyezifunga."

"Najua ni Royce. Ndiyo maana nakwambia."

Alicheka kidogo kwa pua. "Bado zimeshika, Twyla," alisema, akachukua oili yake akaenda.

Royce alihamia Arizona na mwanamke aliyempata kwenye maonyesho ya farasi. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baadaye ikawa Krismasi. Halafu ikawa Verlin ndiye anayepiga, na mwisho hakuna aliyempigia mwenzake. Hawakugombana. Nadhani wangegombana ingekuwa afadhali, maana kungekuwa na kitu cha kusuluhisha.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti bloku zilipochomoka. Mchungaji mmoja, Fortunato Yaranga, alikuwa amepeleka kundi lake kwenye bonde la juu kabisa, ng'ambo ya mgongo wa mlima. Njia ya kufika huko ilichongwa zamani na wachimba madini: upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo. Verlin alikuwa na tangi lililojaa, magunia ya chakula cha mbwa na vibonge vya chumvi. Penye kona ya mawe mekundu, ambapo mwinuko unaanza kweli, alikanyaga mafuta. Nyuma ikarukaruka kama kawaida yake. Halafu ukatoka mlio usio wa kawaida, kama mtu amegonga reli kwa nyundo, na pikapu ikajigeuza upande huku usukani umenyooka.

Alivuta breki ya mkono, akashuka, akapanga mawe nyuma ya magurudumu kabla ya kuangalia kitu kingine. Bloku moja ilikuwa imelala barabarani. Yubolti za upande ule zimelegea, senta bolti, ile inayoshika ekseli na springi mahali pake, imekatika, ekseli imerudi nyuma upande mmoja, na propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, imechomoka inaning'inia. Kati ya gurudumu la nyuma na korongo palibaki nafasi ya kusimama mtu mmoja. Verlin alinieleza baadaye kwamba hakuogopa alipoiona nafasi hiyo. Aliogopa alipofikiri kwamba kama angetumbukia, wa kwanza kujua angekuwa Fortunato, kwa kuishiwa kahawa.

Alijaza mkoba kahawa, unga na makopo machache, akaanza kupanda kwa miguu.

Fortunato alikuwa mtu wa milima ya Junín huko Peru, mpana wa kifua, mwenye meno mawili ya fedha. Alikuwa na mke, Nélida, na binti aliyekuwa akikua bila yeye, kwani huu ulikuwa mkataba wake wa tatu. Alimwona Verlin kwa mbali akija bila gari, akamwacha akaribie, mbwa wakubwa weupe wakimzunguka na kumnusa. Alikuwa akifukua mkate aliouoka chini ya majivu katika sufuria nzito ya chuma. Walizungumza Kihispania, cha Verlin kilikuwa cha makambini, maneno mengi ya mifugo na matusi. Fortunato hakumwita Verlin bila kuweka "Don", yaani Bwana, mbele, hata akimtania.

"Don Verlin, pikapu umeila?"

"Iko kwenye kona ya mawe mekundu. Imekufa."

"Imekufa kabisa au imezimia?"

"Imevunjika kiuno."

Fortunato alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akaona vumbi na jasho.

"Basi kaa," alisema. "Kula mkate ungali moto. Pikapu haitatoroka, haina kiuno."

Kesho yake asubuhi walishuka na farasi na nyumbu, wakabeba mzigo kidogo kidogo hadi kambini. Kisha Verlin akapanda kwenye mgongo wa mlima, mahali pekee panaposhika simu, akampigia Maialen.

"Uko hai?" Maialen aliuliza. Ndiyo salamu yake kwa kila anayempigia kutoka mlimani.

"Niko hai. Bloku imechomoka."

"Nilikwambia."

"Kila mtu aliniambia."

"Nitume gari la kuvuta?"

"Hapana. Likivutwa vile lilivyo, ekseli itatoka upande wa pili pia, na lote litaenda korongoni pamoja na hilo gari la kuvuta. Nitalitengenezea palepale. Nenda kwa Twyla, mwambie anipe springi."

"Springi zipi?"

"Yeye anajua ni zipi."

Maialen akaja dukani na kofia yake ya majani, akaegemea kaunta. "Verlin anasema unajua ni springi zipi," alisema. Nilijua. Nilikuwa nazo kichwani miaka mingi, pamoja na urefu wa yubolti na upana wa bushi. Zililetwa kutoka Salt Lake, na zilichukua siku kadhaa kufika.

Siku hizo kadhaa Verlin alikaa na Fortunato, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Desturi yake ilikuwa kufika, kushusha mzigo, kuuliza habari za kondoo, kunywa kahawa akiwa amesimama, na kuondoka. Sasa alilala chini ya turubai kando ya kigari, na asubuhi aliamka kwa sauti ya mtu anayezungumza. Alidhani kuna mgeni. Alipotoa kichwa nje alimwona Fortunato akimweleza farasi jambo refu kwa Kikechua, lugha ya kwao milimani, akisimama kidogo kila mara kana kwamba farasi amejibu. Baada ya farasi ilikuwa zamu ya mbwa. Baada ya mbwa, sufuria.

"Unaiambia nini hiyo sufuria?" Verlin aliuliza wakati wa kahawa.

Fortunato hakuona haya. "Naiambia maharage yakiungua ni shauri lake. Lazima niseme na kitu, Don Verlin. Kondoo wote hawa, na hakuna hata mmoja anayejua kucheza karata."

Akakoroga moto. Kisha akasema, bila utani sasa, "Siku moja kabla hujaja huwa nafanya mazoezi. Naongea kwa sauti kubwa huko juu. Nisipofanya hivyo, ukija sauti inatoka kama mlango wa zizi. Halafu unafika, unashusha vitu, unaondoka. Na mimi nimebaki na maneno yangu niliyoyaandaa."

Verlin alikaa na kikombe mkononi. "Nilidhani wachungaji mnapenda kuachwa," alisema.

"Nani alikwambia?"

Verlin alifikiri. Hakuna aliyemwambia. "Nilidhani tu."

"Na mimi nilidhani una haraka," Fortunato alisema. "Nikajisemea, huyu ana watu wanaomsubiri chini."

Verlin alimwaga mabaki ya kahawa yake. Alinisimulia maneno hayo dukani kwangu zaidi ya mara moja, kama vile bado anatafuta cha kumjibu Fortunato.

Maialen alipoleta springi hakuweza kukaa, kwa sababu nyasi zake zilikuwa zimekatwa na mvua ilikuwa inakuja. Aliegesha chini ya kona, akashusha springi, yubolti mpya, jeki mbili, vigoda vya chuma vya kuegemezea gari na kopo la dawa ya kutu. Akaongeza mguu wa kondoo na makopo ya pichi. Aliitazama pikapu ilivyokaa upande, akatazama korongo, akamtazama Verlin.

"Mzee, ukifa chini ya hilo dude sitakuzika, nitakufukia kwa koleo hapohapo," alisema.

"Sawa, bosi."

"Nimesema kweli."

"Nimekusikia."

Alirudi kinyumenyume njia yote ile nyembamba hadi mahali pa kugeuzia, na wanaume wale wawili wakabaki na kazi.

Fortunato aliwaacha kondoo wametulia na mbwa wa kulinda, akashuka alfajiri na zana. Walizuia magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa. Walitandika mbao ardhini, wakainua chasisi taratibu, kwanza upande wa korongo, wakaiegemeza kwenye vigoda. Ekseli wakaishikilia kwa jeki ya pili. Wakafungua shokapu kwa chini, wakafungua bomba la breki kwenye kishikizo chake lisikatike. Yubolti za upande ambao haukuvunjika zilikuwa zimeliwa na kutu. Walizimwagia dawa, wakasubiri, wakamwagia tena, mwisho wakazikata kwa msumeno wa mkono wakipokezana, mmoja akikata na mwingine akihesabu mawingu.

Upande huo ulipofunguka, walishusha ekseli, na bloku zake mbili zikatoka zimeshikana kwa kutu kama kitu kimoja. Fortunato alizipima mkononi, akazitazama zilivyopangwa.

"Huyu ndugu yako alikuwa mwashi?"

"Alikuwa anauza matairi."

"Amejenga ukuta, Don Verlin. Bado saruji tu."

Verlin alicheka, akaendelea kucheka kuliko utani ule ulivyostahili, hadi ikambidi akae chini kwenye ubao na kufuta macho kwa mkono wenye grisi. Fortunato alimwacha. Alipotulia, Verlin alimwambia habari za Jumamosi ile, soseji, tochi, haradali na yote. Hakuwahi kumsimulia mtu akiwa amekaa namna hiyo.

"Na wewe ulijua hazifai?" Fortunato aliuliza.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza."

"Mbona hukuzitoa?"

"Angerudi akakuta hazipo."

Fortunato aliinamia boliti ya mbele ya springi, akaipiga nyundo mara chache. "Nélida hajahamisha viatu vyangu mlangoni," alisema. "Mama yake anamwambia avitoe, vinaleta buibui. Yeye hataki." Akapiga tena. "Buibui kweli wapo. Binti yangu ameniambia."

Springi za zamani zilitoka zikiwa zimenyooka karibu kama rula. Zile mpya zilikuwa na tao kubwa, na nzito. Walibeba kila moja pamoja, wakazipandisha kwenye vishikio, mbele kwanza, kisha nyuma. Kazi ngumu ilikuwa kuikutanisha ekseli na springi, kwa kuwa kichwa cha senta bolti lazima kiingie sawasawa kwenye tundu lake. Peke yake mtu anaweza kuhangaika nayo mchana kutwa. Verlin alilala chini na jeki, Fortunato akasukuma ekseli kwa mtaimbo.

"Kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwa korongo."

"Mimi kwa korongo siendi, nina familia."

"Sukuma, Fortunato."

"Nasukuma. Sema ukiona."

"Kidogo tena. Kidogo. Hapo. Usipumue."

Kikaingia, na wote wawili wakasikia kilivyoketi. Verlin anasema hakuna mlio mzuri kama huo katika kazi yote ya gari. Walipachika kabari nyembamba ili difu, kile kichwa cha gia katikati ya ekseli, itazame propela ipasavyo, wakafunga yubolti mpya kwa kupishanisha, hii kidogo, ile kidogo, wakarudisha propela. Upande wa pili ulikwenda haraka kwa sababu walikuwa wameshajua. Waliposhusha pikapu chini ilisimama juu kama zamani, lakini imetulia kwenye miguu yake. Wakakaza nati kwa mara ya mwisho uzito ukiwa ardhini, kama inavyotakiwa.

"Hizi utazitupa?" Fortunato aliuliza, akizigusa zile bloku kwa mguu.

"Chukua ukitaka."

Alizichukua, akazipakia nyuma ili akaziweke chini ya gurudumu la kigari chake lisiteleze.

Verlin akawasha gari, Fortunato akaingia kando yake, wakapanda. Pale mwinuko unapoanza Verlin alikanyaga mafuta akisubiri nyuma irukeruke, na haikuruka. Ilisukuma tu. Springi mpya zilikuwa ngumu, kila jiwe walilisikia mgongoni, lakini gari lilipanda hadi juu likiwa kimya, na Verlin alijikuta anasikiliza mlio ambao haupo.

Juu ya mlima Fortunato alishuka ampigie mkewe. Alisogea pembeni, akachuchumaa na kugeuza mgongo, na sauti yake ikabadilika kabisa, ikawa ya mtu mdogo kiumri. Verlin alikaa kwenye ngazi ya pikapu. Hakuwa na la kufanya. Akatoa simu yake, akatafuta jina, akapiga.

"Haloo?"

"Royce. Ni Verlin."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimetoa zile bloku."

"Bloku gani?"

"Za pikapu. Ulizonifungia."

"Pikapu ipi? Ile ya kijani? Bado unayo hiyo takataka?"

"Bado ninayo."

"Mh. Mimi nakumbuka nilimfungia Dale. Una uhakika ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu. Ulikuwa umekaa kwangu."

"Inawezekana. Miaka mingi, bwana." Nyuma yake zilisikika sahani na mtu akicheka. "Sikiliza, Verlin, tuko mezani, tuna wageni. Nikupigie?"

"Haya."

"Nitakupigia."

Hakupiga wiki ile, wala baada yake. Lakini Verlin anasema hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma ni jina la Dale. Dale alikuwa jirani yao wa utotoni, na gari lake halikuwahi kunyanyuliwa.

Fortunato alipomaliza kuzungumza alirudi, akaona Verlin ameshika simu.

"Umempata mwashi?"

"Nimempata."

"Amesemaje?"

"Hakumbuki."

Fortunato aliingia ndani ya gari, akafunga mlango. "Twende nikupikie ule mguu wa kondoo," alisema. "Una kitunguu?"

Kuanzia hapo Verlin akawa akifika kambini kwa Fortunato hashushi mzigo kwanza. Walikula, walicheza karata, wakagombania karata. Maialen aliona petroli inatumika ileile lakini mtu anarudi jioni badala ya mchana, na hakuuliza. Nami nilimwona Verlin dukani akija kununua vitu asivyohitaji sana, balbu, fyuzi, ili anieleze Fortunato amesema nini. Nati za yubolti alizikaza upya baada ya safari chache, kama nilivyomwagiza.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, mkataba wa Fortunato ulikuwa umekwisha. Verlin ndiye aliyempeleka mjini Elko kupanda basi. Walisimama kando ya begi, mikono mifukoni.

"Mwakani?" Verlin aliuliza.

"Nélida amesema basi. Amesema nikirudi tena huku atahamisha viatu."

"Ana haki."

"Ana haki," Fortunato alikubali. "Atakayekuja badala yangu anaitwa Wilber. Ni wa kwetu, ukoo wa mke wangu. Si mwongeaji. Lakini usishushe vitu ukaondoka, Don Verlin."

"Sitafanya hivyo."

Walikumbatiana vibaya, kofia zikagongana, basi likaondoka. Verlin aliendesha kurudi huku redio imezimwa. Majira yale ya baridi sikumwona mara nyingi. Nilipomwona alikuwa amekonda.

Wilber alikuja masika. Alikuwa mfupi, nadhifu, na hedifoni masikioni tangu asubuhi. Verlin alifanya kama alivyoahidi: alifika, akakaa, akatoa karata. Wilber hakucheza karata. Verlin akamuuliza habari za Junín, akajibiwa ni nzuri. Akamuuliza kuhusu Fortunato, akajibiwa hajambo. Kahawa ilipoisha, Wilber alisimama akaenda kwa kondoo wake, na Verlin akabaki amekaa kando ya moto wa mtu mwingine. Aliendelea hivyo wiki nyingi. Mwisho Maialen akamwita pembeni, akihangaika kutafuta maneno, kitu ambacho si kawaida yake.

"Wilber ananiambia unakaa sana," alisema. "Anauliza kama nimekutuma umchunguze."

"Hapana," Verlin alisema.

"Najua hapana."

"Nitashusha vitu, niondoke."

Na ndivyo alivyofanya, hadi Wilber alipougua jino. Verlin alimkuta ameinama ndani ya kigari, shavu limevimba, hata mbwa hajawalisha. Akampakia, akamshusha hadi Elko kwa daktari wa meno, akamsubiri. Wilber alitoka mdomo umejaa pamba, midomo imekufa ganzi, hawezi kutamka neno.

Njia ya kurudi ni ndefu. Wilber mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya, alipokuja dukani kutafuta betri ya tochi. Alisema alipanda gari na hedifoni masikioni, na mwanzoni yule mzee alikuwa kimya kama siku zote. Walipoacha lami, akaanza kuongea, taratibu, macho barabarani. Alizungumza habari za mke aliyekwenda Boise. Alizungumza habari za ndugu yake, na za mtu anayeitwa Dale ambaye gari lake halikuwahi kunyanyuliwa. Alieleza namna ya kukutanisha ekseli na springi, nani alale wapi na nani asukume. Aliongea hadi wakafika bondeni, na hata baada ya kuzima injini aliendelea kidogo.

"Na wewe ulifanyaje?" nilimuuliza.

"Ningefanyaje, mama? Nilikuwa na pamba mdomoni." Akageuza betri mkononi, akaisoma pande zote. "Nilivua hedifoni," alisema.